Kinyesi cha Bwana Mkubwa

Watu wakiachana hugombea nyumba, watoto, au angalau televisheni. Hawa wawili hawakuwa na nyumba wala watoto, na televisheni ilikuwa mbovu, kwa hiyo waligombea chinchila. Mke alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Kila mtu alimwita Pasi, kwa kazi yake na pia kwa ulimi wake. Mume alikuwa fundi wa mafriji, na wateja walimbatiza Barafu. Jinsi Pasi na Barafu walivyokaa chumba kimoja miaka yote ile bila kufuka mvuke, mimi sijui. Mwisho wake ulifuka.

Chinchila, kwa asiyemjua, ni mnyama mdogo wa kijivu mwenye masikio ya panya na mkia wa kindi, na manyoya yake ni laini kiasi kwamba ukimgusa unadhani hujagusa kitu. Walikuwa wawili, ndugu, walioachwa na mteja mmoja aliyekuwa akihama. "Wewe unajua mambo ya ubaridi," mteja alimwambia Barafu, "na hawa hawapatani na joto." Yule mnene wakamwita Bwana Mkubwa, yule mwembamba Bwana Mdogo. Siku ya kugawana, Barafu aliondoka na Bwana Mkubwa kwenda kuishi nyuma ya karakana yake. Pasi akabaki na chumba cha ghorofa ya juu, na Bwana Mdogo ndani ya tundu lake kando ya dirisha.

Dada yake mkubwa alipopata habari, alipiga simu.

"Yaani mdogo wangu, mume umemwacha aende, panya ndiye umemng'ang'ania?"

"Huyu hanijibu, dada."

"Haya. Wewe ongea naye tu, siku atakayokujibu uniite."

Pasi alidhani ukimya utakuwa mapumziko. Wiki za kwanza ulikuwa hivyo kweli. Baadaye akaanza kuacha redio ikiwaka hata akiwa bafuni, na kumchelewesha mlangoni mtu wa kusoma mita kwa maswali ambayo majibu yake aliyajua. Jioni alivuta kiti karibu na tundu akamsimulia Bwana Mdogo mashati ya siku hiyo: la nani lilikuwa na rangi ya mdomo kwenye kola, na la nani lilikosa vifungo viwili kwa sababu mwenyewe anakataa kukubali kitambi. Bwana Mdogo alitafuna nyasi kavu, kruu, kruu, na sauti ile ndiyo iliyokuwa mwenzake. Upweke ulimkaba, lakini nani angemwambia? Ndiye aliyesema, "Nenda."

Asubuhi moja akakuta kinyesi cha mnyama, ambacho kwa kawaida ni punje ngumu zilizokauka, kimekuwa laini na kinanuka. Pasi si mtu wa kungoja. Kwenye droo kulikuwa na vidonge vya antibiotiki vilivyobaki alipougua jino. Dawa iliyoponya jino la mtu mzima, alijisemea, itashindwaje na tumbo la kiumbe kisichofika hata kilo? Akafungua kidonge, akakisia kwa jicho, akachanganya na maji, akamnywesha. Haraka haraka haina baraka. Methali hiyo aliijua vizuri sana, ila siku zote alidhani imetungwa kwa ajili ya wengine.

Kesho yake Bwana Mdogo alikuwa amejikunyata pembeni, hali wala hanywi, tumbo limekaza kama mpira. Pasi akamtia kikapuni na kukimbia naye kwa daktari wa wanyama, roho juu.

Daktari alikuwa mama kijana aliyezoea mbwa na paka. Alimpapasa mgonjwa tumbo, akafungua kitabu mbele ya Pasi bila aibu, akasoma. Kisha akauliza, "Ulimpa nini?"

Pasi alifikiria kudanganya. "Dawa yangu ya jino," akasema, akaonyesha pakiti.

Daktari akaguna. "Mama, dawa hii inaua vijidudu, vibaya na vizuri pamoja. Sisi tunaivumilia. Huyu anaishi kwa nyasi, na nyasi hizo anasagiwa na vijidudu vilivyomo tumboni mwake. Sasa umemwulia wafanyakazi wote."

"Atakufa?"

"Anaweza. Sitakuficha."

Daktari alimpa antibiotiki nyingine, ambayo matumbo ya jamii hiyo huistahimili, ya kupewa kwa matone asubuhi na jioni. Akampa na bomba la sindano lisilo na sindano, la kumlishia uji wa nyasi zilizosagwa, kidogo kidogo, mchana kutwa. Kisha akasema kitu kilichomfanya Pasi adhani hakusikia vizuri. Atafute kinyesi kibichi cha chinchila mzima, akiponde, achanganye kwenye ule uji, ili vijidudu vizuri virudi.

"Unamjua mwenye chinchila mwingine?"

"Namjua."

"Mnaelewana?"

"Hapana."

"Basi mkaelewane. Angalau kwenye kinyesi."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Pasi alipiga moyo konde, akaenda karakana. Alimkuta Barafu amepiga magoti mbele ya friji lililofunguliwa mgongo. Njiani alikuwa ametayarisha maneno ya heshima, lakini yaliyotoka yalikuwa, "Nimekuja kuomba mavi."

Barafu akaweka bisibisi chini. "Habari za siku nyingi na wewe pia."

Pasi akamweleza yote, hata vidonge vya jino. Alipomaliza alisimama akingoja maneno ambayo mwanamume yule alikuwa na haki ya kuyasema. Barafu hakuyasema. Alinawa mikono, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na punje kadhaa ndani ya karatasi iliyokunjwa.

"Yanatakiwa mabichi?"

"Ya kila asubuhi."

"Asubuhi huwa natoka kwenda kwa wateja. Nitapitia."

Akawa anapitia. Anabisha, Pasi anafungua, karatasi inapita mlangoni. "Amekula?" "Kwa bomba tu." "Haya." Barafu hakuomba kuingia, na Pasi hakusema karibu, kwani kiburi chao walikuwa wamegawana sawasawa. Kisha Pasi alimviringisha mgonjwa kwenye taulo, akampakata, akapenyeza uji pembeni mwa mdomo, akimbembeleza kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwa binadamu yeyote.

Bwana Mdogo alikonda mpaka mifupa ikahesabika kwa vidole. Lakini Pasi alianza kuamka mapema na kuchana nywele kabla ya mlango kubishwa. Ungemwuliza, angekwambia ni kwa ajili ya mgonjwa. Mgonjwa hakujali nywele. Mazungumzo ya mlangoni yakaongezeka neno, kisha mawili. Barafu akasema Bwana Mkubwa anakula vizuri ila hana raha, anakaa tu pembeni akielekea ukutani. Siku ya mvua alifika ametota, Pasi akamletea taulo, naye akajifuta pale pale kizingitini, akalikunja vizuri na kumrudishia.

Kisha asubuhi moja Pasi aliamshwa na kruu, kruu. Bwana Mdogo alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, unyasi mdomoni. Chini yake punje zilikuwa ngumu, kavu, hazinuki. Pasi akakaa sakafuni na nguo za kulalia, akamshukuru Mungu kwa machozi. Furaha ile ilikuwa haijatulia moyoni mlango ulipobishwa.

Alijua anachotaka kusema. Alitaka kusema, "Bado." Neno dogo tu, na lisingemdhuru mtu.

"Amepona," akasema. "Anakula mwenyewe. Usihangaike tena."

Barafu akatazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake. "Vizuri," akasema. "Vizuri sana." Akaihamishia mkono wa pili, kisha akaitia mfukoni mwa ovaroli. Alipogeuka kushuka ngazi, alisema bila kumwangalia, "Mimi nilikuwa nimeshazoea."

Pasi akabaki ameshika kitasa. Alimsikia akishuka ghorofa moja, kisha nyingine.

"Na mimi," akasema, lakini mlango wa chini ulikuwa umeshafungwa.