Mkono wa Kushoto wa Fundi Mkuu

Siku niliyoanza kazi sikushika spana. Nilishikwa mkono, tena wa kushoto.

Ilikuwa karakana ya serikali ya pikipiki hapa Singida mjini, wakati ule wa ruksa, serikali ilipofungulia biashara, maduka yakaanza kujaa tena na watu wakasimama mlangoni kuangalia sabuni ya kuogea kama vile ni bwana harusi. Nilivaa shati la mjomba, nikasimama mbele ya Fundi Mkuu, mzee mfupi mwenye masikio makubwa. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akanipa mkono wa kulia kama watu wote, kisha akasema, "Sasa lete wa kushoto."

Nikasita. Kwetu mtoto akimpa mtu mzima mkono wa kushoto anapata kofi kwanza, maelezo baadaye. Fundi Mkuu akauchukua mwenyewe, akavinyoosha vidole vyangu, akaniambia nimbane kwa nguvu zangu zote.

"Kiganja kipana, vidole vifupi," akasema. "Klachi ya kiwandani itakutesa wewe. Unaitwa nani?"

"Ntandu, mzee."

"Haya Ntandu, vua viatu vya kanisani, uje tufanye kazi."

Niwaeleze ninyi vijana wa bodaboda, maana mnavuta klachi kutwa nzima na hamjawahi kuifikiria. Ndani ya injini kuna sahani nyembamba zilizobanwa pamoja na springi, nazo ndizo zinazopeleka nguvu kwenye gurudumu. Ukivuta kile kishikio cha kushoto, waya unazitenganisha sahani. Ukiachia taratibu zinashikana, chombo kinaondoka. Kishikio kikiwa mbali na vidole vyako, utavuta kwa ncha tu, mkono utachoka kabla hujatoka mjini, na siku utakayokihitaji ghafla hutakifikia.

Pikipiki zetu hazikuwa na skrubu ya kukisogeza kishikio kama hizi mlizo nazo baadhi yenu. Wajanja wa mtaani walikuwa wakiulegeza waya ili kishikio kilale karibu na mpini. Mteja anafurahi, anaondoka. Lakini waya uliolegea hauzitenganishi sahani zote, kwa hiyo umevuta klachi mpaka mwisho na bado chombo kinasukuma kwenda mbele. Wengine waliukaza kupita kiasi, sahani zikawa hazishikani, injini inalia na pikipiki haipandi kilima, unasikia harufu ya kuungua tu. Fundi Mkuu aliacha kishikio kicheze kidogo kabla waya haujavuta, unene wa sarafu pale kwenye mzizi wake, na hapo hakuna mjadala. Akitaka kukisogeza karibu, alikifungua, akakipaka sabuni ya mche, akakiweka juu ya makaa. Sabuni ikigeuka nyeusi, chuma kile laini kiko tayari. Alikibana kwenye jiriwa katikati ya vipande viwili vya mbao na kukikunja kidogo kidogo bila papara. Ukikikunja kikiwa baridi, kinakatika, na matusi utakayoyasikia siyaandiki hapa.

Lakini yote hayo yalikuja baada ya kupima mkono. Siku moja alikuja mwalimu wa madrasa, mtu wa heshima zake, mwenye pikipiki mpya. Fundi Mkuu akamwomba mkono wa kushoto, mwalimu akarudi nyuma kama aliyetukanwa.

"Unanidharau, bwana?"

"Hata kidogo, mwalimu. Wa kulia nimekusalimia nao kwa heshima zote. Huyu wa kushoto ndiye mteja wangu."

Mwalimu alimwangalia, akacheka mpaka kofia ikataka kuanguka, akautoa.

Kazi ikiisha, palikuwa na kipimo cha mwisho. Mwenye chombo anakaa juu yake, injini inaunguruma, gia namba moja, klachi imevutwa. Fundi Mkuu anasimama mbele ya gurudumu na kuanza kumsalimia. Habari za nyumbani? Mama hajambo? Watoto? Mvua huko kwenu zimeshuka? Mtama je? Kuku? Mbuzi? Mnajua salamu za kwetu zilivyo, mtu anaweza kusonga ugali ukaiva kabla hazijaisha. Mpaka mbuzi wote wawe hawajambo, chombo hakitakiwi kusogea hata kidogo, wala mkono kutetemeka. Kikisogea, tunarudi kwenye spana.

Baadaye ruksa ileile ikaleta mambo mengine. Karakana ikapunguza watu, na mimi na Fundi Mkuu tulikuwa miongoni mwao. Yeye akarudi kwao Sepuka kwa mkewe, Mama Neema, akaanza kuzunguka vijijini na pikipiki yake kutengeneza mashine za kusaga na za kukamua alizeti, ambazo kila mwenye uwezo alikuwa akinunua. Ilikuwa kazi nzuri kwake. Hakuna aliyemwamuru, na kila kijiji kilimngoja.

Mimi nikachukuliwa na Bi Hajjati, mwenye duka la vipuri karibu na soko. Baba yake alikuwa mtu wa Tanga, mama yake Mnyaturu, na yeye alirithi ulimi wa kote kuwili. Nilifanyia kazi uani kwake.

"Ntandu mwanangu," alikuwa akiniambia dirishani, "hapa ni biashara. Salamu zako hizo zinanifukuzia wateja."

"Wakianguka je, Bi Hajjati?"

"Mh! Haya, salimiana, salimiana."

Hapo ndipo Fundi Mkuu alipokuja siku moja, akasema klachi yake imekuwa ngumu. Nikaufungua waya, nikautia mafuta, nikauvuta kwa kidole. Ulikuwa unateleza vizuri. Nikamwomba mkono.

"Mkono wangu unaujua tangu zamani," akajibu, na mkono wenyewe haukutoka kwenye mfuko wa koti.

Sikubishana naye. Nikakikunja kishikio kwa kukisia, akaondoka. Baada ya miezi kadhaa akarudi na maneno yaleyale. Safari hii niliuongeza urefu mkono mdogo wa chuma ulioko chini, pale waya unapoingia kwenye injini. Ukiwa mrefu, mvuto unakuwa mwepesi, ila sahani zinaachana kidogo zaidi kuliko mwanzo. Hapo ndipo ufundi unapoishia, vijana. Huwezi kupata wepesi wote na kuachana kote kwa pamoja. Nilijua nimebakiza nafasi ndogo sana, na nilijua pia kwamba siirekebishi klachi tena, naufidia mkono wake tu. Roho iliniuma, lakini ungemwambiaje mzee aliyekufundisha kazi?

Mara ya tatu alifika asubuhi, Bi Hajjati akifungua duka. Akaiegesha pikipiki kwa shida, akakaa kwenye benchi, akautoa mkono wa kushoto mwenyewe na kunikabidhi.

Ulikuwa wa baridi. Vidole vilikaa mkononi mwangu bila habari, kidole gumba tu ndicho kilichokuwa na uhai kidogo.

"Nibane, mzee," nikasema.

"Nimeshakubana."

Akaniambia ganzi ilianza kwenye vidole, ikapanda polepole, na dawa za hospitali zimeituliza tu. Kisha akasimama. "Tupime kama inavyopimwa. Nikipita naenda zangu, kuna mashine inaningoja kijijini. Nisipopita, utaniambia wewe. Wewe ndiye fundi."

Akapanda. Akaiwasha. Akavuta klachi kwa kiganja kizima, akaingiza gia. Bi Hajjati akazima redio.

Nikasimama mbele ya gurudumu na kuanza. Shikamoo mzee, habari za nyumbani, Mama Neema hajambo? Hajambo. Watoto? Wazima. Mvua? Zimekuja. Niliziharakisha zile salamu, sikuficha. Niliuona mkono ukianza kutetemeka, nikaruka mtama, nikaruka kuku, nikasema, "Basi mzee, vizuri, zima."

"Hujauliza mbuzi," akasema.

"Mzee..."

"Ntandu. Uliza mbuzi."

Nikauliza mbuzi. Pikipiki ikaanza kusogea, polepole kabisa, gurudumu likanigusa kiatu. Akaizima.

"Mbuzi hawajambo," akajibu, akiwa bado amekaa juu yake. Baadaye akasogea nyuma ya kiti na kunipa ufunguo. "Nipeleke nyumbani."

Nilimpeleka Sepuka. Kishikio kile kilikuwa karibu mno na vidole vyangu na chepesi mno, kila nikibadili gia nilikuwa naona jinsi mkono wake ulivyokuwa ukipungua mwezi baada ya mwezi, na njia nzima nililia kwa kuwa yeye alikuwa nyuma na hanioni. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Mama Neema alikuwa amesimama nje kabla hatujafika. "Mlio si wake," alisema. "Nikajua kaendesha mtu mwingine." Mzee akapita kwenda ndani. Mama akanisogelea, akasema kwa sauti ndogo, "Vifungo vya shati lake navifunga mimi tangu masika ya mwaka jana. Kila jioni nasikiliza pale kilimani, kama atabadili gia au ataanguka."

"Mbona hukumkataza, mama?"

"Ningemkataza mimi angesema ni woga wa mwanamke. Nilikuwa nangoja fundi amwambie."

Nililala kwao. Asubuhi nikarudi mjini na lori la alizeti, na pikipiki ikabaki pale.

Sasa nami nimestaafu. Nakaa Unyambwa na kuku wangu, na vijana wanaleta bodaboda zao uani, wananipa mkono wa kushoto huku wakicheka. Nawafundisha kukunja kishikio, nawafundisha ule unene wa sarafu. Naridhika na kazi niliyoifanya maishani. Jambo linalonirudia ni yale maneno ya Mama Neema, kwamba miezi yote ile nilipokuwa nakisogeza kishikio nikidhani namsaidia mzee, kulikuwa na mtu Sepuka anayengoja niseme basi. Kukisogeza kulikuwa rahisi. Kusema kulikuwa kazi, na hata hiyo mwishowe aliifanya mzee mwenyewe.

Fundi Mkuu aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alikuwa akija mjini na lori, anakaa kwenye benchi uani kwa Bi Hajjati na kunikosoa kutwa. Mara ya kwanza alipokuja hivyo, nilimuuliza kwa uoga kama ananichukia kwa siku ile. Alifikiri kidogo, akasema, "Siku hizi Mama Neema analala jua likizama tu. Analala kama mtoto, mpaka namfunika. Kumbe Ntandu, yule mwanamke alikuwa amechoka."