Siku Kosmas Alipooshwa Miguu kwa Jina Langu

Nitaanza na lile linalonifanya hadi leo nishushe macho ninapopita ukumbi wa kulia chakula: mimi, Nashon Okumu, niliyekuwa karani wa kanisa kwa miaka ishirini na sita, nilimtuma Mkatoliki akaoshwe miguu kwa niaba yangu kabla ya Meza ya Bwana, halafu nikajificha stoo ya unga kuchungulia kama mambo yatakwenda sawa. Hayakwenda. Kisa chenyewe kimeshazunguka makao yote kwa namna tofauti (wapishi wana chao, na mlinzi wa geti ana chake ambamo eti nililia kama mtoto, jambo ambalo halikutokea pale ukumbini), kwa hiyo afadhali nikieleze mwenyewe, kwa mpangilio.

Makao yetu ya wazee yako nje kidogo ya Rangwe. Wengi wetu ni Wakatoliki, na Jumapili katekista wao huja, na mara moja kwa mwezi padri mwenyewe, na kinanda hutolewa ofisini. Sisi Wasabato tuko wanne tu, mimi na akina mama watatu. Jumamosi tunakaa upande wa veranda wenye kivuli, tunasoma lesoni (somo la Biblia la wiki), Mama Dorka anaongoza nyimbo kwa sababu ndiye pekee anayekumbuka beti zote, na nyuma yetu wafanyakazi wanafua mashuka. Hakuna aliyewahi kutukataza kusali. Kilichonitisha mimi ni kwamba hakukuwa na mtu wa kanisani wa kuona kama tumesali au hatujasali.

Mtu ambaye hajawahi kuwa karani hawezi kuelewa hofu hiyo, kwa hiyo nieleze. Jina langu liko kwenye kitabu cha washiriki cha kanisa letu kule Migori mjini, na najua jinsi jina linavyotoka kwenye kitabu kile kwa sababu nimeyatoa kwa mkono wangu. Mshiriki akipotea muda mrefu, karani anaandika kando ya jina lake neno moja, "haonekani," kamati inasoma, kanisa linainua mikono, mstari unapita. Niliwahi kuandika neno hilo kando ya jina la Mama Peres, mjane aliyekuwa akiuza dagaa wa omena sokoni. Nilisikia amerudi kwao Sori na sikujisumbua kwenda kumtafuta. Alipofariki ndipo tukajua kwamba miaka ile yote alikuwa amelala kwa binti yake, miguu imekataa, na kila Ijumaa kabla jua halijazama alikuwa akiomba abadilishiwe kitambaa cha kichwa ili Sabato imkute safi. Kanisa halikwenda kumzika. Kitabu kilisema si wetu, na aliyekiandika ni mimi. Watu wake walimzika kwa nyimbo za kwenye simu.

Sasa mimi ndiye niliyekuwa sionekani. Robo tatu za mwaka zilikuwa zimepita bila mtu kutuletea Meza ya Bwana (mara ya kwanza mvua ilikata barabara, mara ya pili mgeni aliugua, mara ya tatu hakuna aliyetueleza chochote), na kila nilipofumba macho niliona kalamu ikisogea kwenye jina langu, na jeneza langu likiwa limewekwa mahali na hakuna hata mtu mmoja wa kuanzisha wimbo.

Hofu ya pili ilikuwa ndani ya soksi. Nina ugonjwa wa sukari. Mkanda wa ndara ulikuwa umenichubua kidole cha pili cha mguu wa kulia, kidonda kidogo kama punje ya mahindi, na baada ya wiki mbili ngozi ilianza kuwa nyeusi. Nesi wetu, Akinyi, hukagua miguu yetu kila Alhamisi. Nilipaswa kumwonyesha. Lakini jirani yangu wa chumba cha pili alimwonyesha wake, akapelekwa hospitali na miguu miwili, akarudi na mmoja, na baada ya mwezi tukamzika. Basi Alhamisi ile nilivaa soksi ya pili juu ya ya kwanza, nikamwambia Akinyi kwamba nimeshaoga, nimeshajikagua, na nasikia baridi. Akinyi alinitazama (ana macho ya mtu anayehesabu vidonge hata akiwa anakusalimia), lakini aliitwa kwingine akaenda. Hapo ndipo kila kitu kilipoanzia, kwenye soksi moja ya ziada.

Kesho yake simu ikaja kwamba Jumamosi kanisa la Migori linamtuma mzee wa kanisa atuletee Meza ya Bwana. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika moja. Kisha nikakumbuka miguu. Kwetu huwezi kula mkate ule kabla ya kuoshana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, kama Bwana alivyowaosha wanafunzi wake. Mwanamume Msabato katika makao haya ni mimi peke yangu, kwa hiyo mgeni angepiga magoti mbele yangu mimi na beseni lake, na ningevua soksi zote mbili, na Akinyi angekuwa amesimama hatua tatu kutoka pale. Nisipokwenda, ni robo ya nne. Nikienda, ni hospitali.

Ninalala chumba kimoja na Kosmas, fundi wa mashua kutoka Mfangano, Mkatoliki wa kuzaliwa, mtu wa mzaha. Nilimweleza. Nikamwambia kwamba huyo mgeni ni mgeni kanisani, hajawahi kuniona, ana orodha ya majina tu, anatia tiki kando ya kila aliyeshiriki. Kosmas akaniuliza swali ambalo sijalisahau.

"Omera, ndugu yangu, wewe unataka nini hasa? Mkate, ama tiki?"

"Tiki," nikasema.

Niliona aibu hata wakati neno linatoka mdomoni, lakini sikulirudisha. Kosmas alisema mkate wetu hawezi kuugusa, yeye hupokea kwa padri tu, ila miguu hana neno nayo.

"Tangu mke wangu afariki," alisema, "hakuna mtu ameshika miguu yangu bila kutaka kunidunga sindano."

Tukapanga kwamba aoshwe, jina langu litiwe alama, halafu aseme anasikia kizunguzungu, arudi kitandani kabla akina mama hawajatoka chumba chao cha kuoshana. Mimi ningebaki stoo, ambayo mlango wake unatazama ukumbi, hadi mgeni aondoke.

Mgeni alifika saa nne na dakika kumi. Aliitwa Zakayo, mzee wa kanisa kwa cheo tu, umri wake ni wa mjukuu wangu, na alikuja na shemasi mmoja wa kike aliyewachukua akina mama chumba cha pembeni na beseni lao. Zakayo aliuliza Mzee Nashon ni nani, Kosmas akainua mkono. Nilitazama kupitia ufa wa mlango. Kijana yule hakuwa na haraka. Aliosha kisigino, akaosha katikati ya vidole, akakausha kwa taulo nyeupe, kisha akiwa bado amepiga magoti akaomba, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mzee wetu Nashon ambaye kanisa halikujua kama bado yuko hai.  Maombi yangu mwenyewe, na yalimpita mlangoni mwenye jina yakaenda kwa mwingine.

Nikasubiri tiki. Zakayo akafungua daftari, akalifunga tena, akasema ataandika baada ya Meza, akamshika Kosmas kiwiko kwa heshima na kumwongoza kwenda mezani. Kosmas akasema ana kizunguzungu. Zakayo akasema basi amshike vizuri zaidi.

Wakati huohuo akina mama wakatoka chumbani mwao. Mama Dorka akamwona Kosmas, Mkatoliki wa Mfangano, anakuja Meza ya Bwana pekupeku, miguu ingali na unyevu, ameshikwa na mzee wa kanisa. Hakuuliza kitu. Mama yule alikuwa amemwombea Kosmas aione Sabato kwa miaka sita (alikuwa akimwambia wazi, kila wiki, na Kosmas akimjibu kwamba yeye anamwombea rozari), kwa hiyo aliona maombi yamejibiwa mbele ya macho yake, akapiga kigelegele na kuanzisha wimbo, wale wengine wawili wakadakia. Kwa kelele ile Wakatoliki wakaanza kuingia kutoka veranda mmoja mmoja, wapishi wakaja, Akinyi akaja na kusimama karibu na mlango wangu wa stoo. Zakayo alikuwa anatabasamu. Labda alidhani wanafurahi kwamba Nashon amepata nafuu. Kosmas peke yake ndiye aliyekuwa akitazama upande wangu.

Wimbo ukaisha. Zakayo akafunua kitambaa, akabariki mkate, maombi marefu mazuri, akasema amina, sote tukasema amina, hata mimi stoo. Na Kosmas, kwa utulivu wa mtu anayefunga vifungo vya shati alilolivaa maisha yake yote, akapeleka mkono kwenye paji la uso, kifuani, bega la kushoto, bega la kulia.

 Zakayo alimtazama, mkate bado mkononi.

"Jaduong', mzee wangu, hiyo umejifunza wapi?" akauliza kwa upole.

"Kwa mama yangu," Kosmas akasema.

Mama Dorka akamwambia Zakayo kwamba huyo ni Kosmas, mwongofu mpya, hajazoea bado, avumiliwe. Zakayo akauliza kama huyu ni Kosmas, basi Nashon yuko wapi. Na Kosmas, ambaye kumbe anaweza kunidanganyia miguu lakini si mdomo, akaelekeza kidole kwenye stoo.

Nilitaka kutokea mlango wa nyuma. Nilipogeuka, mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, sikujua ninakanyaga wapi, nikajikwaa kwenye gunia, nikauegemea mlango ambao haukuwa na komeo, nikatoka nao mzimamzima hadi ukumbini na kutua juu ya mabeseni mawili yaliyokuwa yamewekwa pale kusubiri kumwagwa. Maji ya miguu ya watu wanne yalinilowesha hadi kwapani. Hakuna aliyecheka. Kilichowanyamazisha ni harufu, maana soksi zilikuwa zimelowa. Akinyi alipiga magoti majini, akavua ya kwanza, akakuta ya pili, akanitazama, akaivua pole pole. Mama mmoja aligeuza uso.

"Tangu lini, Baba?" Akinyi akauliza.

"Wiki tatu."

"Na Alhamisi uliniambia unasikia baridi." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Akamwambia mlinzi alete gari.

Zakayo aliingia garini pamoja nasi na kijisanduku chake cha Meza ya Bwana. Njiani kwenda hospitali ya Homa Bay nilimwambia kila kitu: tiki, robo tatu, Mama Peres na neno nililoandika bila kwenda Sori. Nilifikiri atanifariji kwamba jina la mgonjwa halifutwi. Hakufanya hivyo. Alifungua daftari akanionyesha. Kando ya jina langu mtu alikuwa ameshaandika "haonekani," na kamati ilikuwa inaketi Jumapili inayofuata, na yeye ametumwa kuja kuona kwa macho yake kama mimi nipo.

"Nilipoambiwa yule si wewe, Jaduong'," alisema, "nilidhani umekufa na wananificha habari."

Hofu yangu haikuwa ya kipuuzi, basi. Ilikuwa ya kweli kabisa, na siku mtu alipokuja kunitafuta ndiyo siku niliyojificha.

Kwenye kitanda cha hospitali, kabla hawajanipeleka kukatwa, Zakayo aliomba maji kwa muuguzi. Mguu mbovu ulikuwa umefungwa, kwa hiyo alinipangusa ule mzima kwa kitambaa, akanipa kipande cha mkate kilichokuwa kimebarikiwa asubuhi. Hapo ndipo nililia, mlinzi hakuwepo. Kisha akauliza aandike nini. Nikamwambia aandike alichokiona. Akaandika "Nimemwona," akatia sahihi.

Walikata vidole viwili. Mguu nilirudi nao. Kosmas alikwenda kumweleza padri wake mwenyewe, na anasema padri alikohoa kwa muda mrefu sana. Mama Dorka hazungumzi na yeyote kati yetu, isipokuwa siku ya Sabato, kwa sababu ya lesoni. Mimi sasa kila asubuhi kabla ya uji nakwenda chumba cha nesi bila kuitwa, nakaa kwenye stuli, nainua mguu mmoja, nainua wa pili. Bado naogopa kila Akinyi anapoinama kutazama, na anapochelewa kusema neno nadhani ni mwisho wangu. Lakini sitavaa soksi mbele yake tena, na Zakayo akija robo ijayo atapiga magoti mbele ya vidole vinane, vyote vyangu.