Mafuta ya Chupa na Mafuta ya Uroa

Mafuta ya samaki yananuka. Anayekwambia hayanuki ana mafua, au anayauza. Siku hizi wanayafungia ndani ya vidonge laini vya rangi ya asali, mtoto anameza hata hajui kameza nini, na mama yake kasimama mbele ya kabati la duka la dawa anageuzageuza vichupa: hiki cha ubongo, hiki cha macho, hiki cha mifupa. Wajukuu zangu huniuliza, "Bibi, tununue kipi?" Nawajibu wanunue wanachokiweza, maadamu mtoto atakubali kukitia mdomoni. Hawajui kuwa nyumbani kwetu jambo hilo lilivunja ndoa.

Nazungumzia miaka ya hamsini. Tulikaa Mji Mkongwe, nyumba ya mawe, kwenye kichochoro ambacho jua lilipita adhuhuri tu. Chini alikaa bibi, mzaa baba, na funguo zake kiunoni. Juu tulikaa sisi: baba, aliyekuwa karani bandarini, mama, mimi, na mdogo wangu wa kike. Mama alikuwa mtu wa Uroa, pwani ya mashariki, mtoto wa wavuvi. Baba alimposa kwa uzuri wake, na bibi hakuchoka kumkumbusha kwamba uzuri si ukoo. Bibi yangu nilimpenda, sisemi uongo, lakini ulimi wake ulikuwa wembe.

Mdogo wangu alitimiza miaka miwili hajasimama dede. Wenziwe wa mtaani walikuwa wanakwenda tete, wengine washaanza kukimbia na kuvunja vikombe, yeye anakaa pale alipokalishwa. Miguu ilimpinda kama koleo la mkaa, na akilala kichwa kinamtoka jasho mpaka mto unarowa. Kabla yake alikuwapo kaka yake, aliyenifuata mimi. Naye alikuwa hivyo hivyo, hakusimama, kisha kipupwe kikamletea kifua, akatutoka. Kwa hiyo mama alipomtazama huyu, hakuwa akitazama miguu tu.

Baba alimpeleka hospitali. Daktari akamgeuza huku na huku, akasema mtoto huyu anataka mambo mawili, mafuta ya ini la samaki na jua. Mafuta baba aliyaleta siku ile ile, kutoka duka la dawa la Mhindi, chupa ya kahawia ya Ulaya yenye picha ya samaki. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaifungia kwenye kabati la vikombe vya wageni. Lile jua halikuzungumzwa.

Mama akalizungumza. "Daktari kasema atolewe juani, mama."

"Juani wapi?" bibi akamuuliza. "Barazani, kila mpita njia amtazame miguu? Jicho lishatumalizia mmoja. Na rangi yake hiyo iungue? Mtoto wa mjini haanikwi kama dagaa."

Ndivyo tulivyokuwa. Mtoto mzuri alifichwa kwa kuogopa jicho, mtoto mgonjwa akafichwa kwa kuona haya, na wote wawili wakaishia chumba kimoja, dirisha limefungwa. Mdogo wangu alikuwa mzuri na mgonjwa pia, basi alifichwa mara mbili.

Kila asubuhi bibi alipanda na chupa na kijiko. Mimi niliambiwa nimshike mikono, bibi akamziba pua, mdomo ukifunguka kijiko kinaingia. Mtoto anatapika. Bibi anajaza tena. Alikuwa akisema dawa isiyouma si dawa, na alisema kwa mapenzi, machozi yakimlengalenga, maana na yeye alizika watoto katika ujana wake. Lakini mdogo wangu akafika hadi ya kulia akisikia funguo tu zinagonga ngazini. Mwisho akafumba mdomo hata kwa uji, hata kwa maziwa. Akawa anakonda mbele ya macho yetu, na ile chupa tunaitunza.

"Kwetu watoto wanakula mafuta ya papa tangu wadogo," mama alimwambia baba mezani. "Hawayatapiki. Niruhusu nimwambie kaka yangu atuletee."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Mafuta ya sifa? Yale ya kupaka vyombo vya baharini visiingie maji? Mwanangu karani wa bandari, halafu mjukuu wangu apakwe tumbo kama mashua?"

Baba aliangalia sahani yake. Mpaka leo nikikumbuka ule ukimya wake nnachemka. Neno moja lingetosha, na mdomo alikuwa nao.

Baadaye kidogo habari zikaja kuwa bibi yetu wa Uroa, mzaa mama, anaumwa. Mama aliomba ruhusa ya kwenda kumuuguza siku chache, akapewa. Shule zilikuwa zimefungwa, basi tukaenda sote watatu kwa gari la mbao lililobeba watu mbele na magunia nyuma, mdogo wangu kafunikwa kanga gubigubi njia nzima. Tulipoteremka Uroa, mkaza mjomba, yaani mke wa mjomba wangu, akamfunua, akamtazama miguu. Kisha akamvua nguo zote, akamkalisha mchangani pamoja na watoto wake.

Bibi wa Uroa alikuwa anaumwa kweli, lakini akapata nafuu upesi. Mama hakutaja kurudi.

Papa akiletwa, mkaza mjomba alilichukua ini, akalikata vipande na kulitia kwenye sufuria juu ya moto mdogo. Mafuta yakapanda juu, akayachota, akayachuja kwa kitambaa, akayatia kwenye chupa yenye kizibo cha gunzi la muhindi. Haya ya mwanzo, safi, yalikuwa ya chakula. Yaliyobaki chini, meusi, mazito, mjomba aliyachukua kupaka chombo chake. Kumbe bibi yangu wa mjini hakusema uongo, alijua nusu tu ya habari.

Hakukuwa na kijiko wala kuzibana pua. Muhogo ulichemshwa, ukapondwa, ukatiwa chumvi na ndimu na mafuta kidogo, ukawekwa kwenye sinia moja, watoto wote wakalizunguka. Unanuka, si mchezo. Siku ya kwanza mdogo wangu aliwatazama tu. Siku ya pili alitia mkono kwa sababu kila mtu alikuwa ametia mkono. Mama alitaka kushangilia, mkaza mjomba akamkonyeza anyamaze. Mtoto akala, akajifuta tumboni, akala tena. Mimi pia nilikula. Ukikaa na watu wanaogombania chakula, hata kinachonuka kinakuwa kitamu.

Alikula muhogo ule na kukaa juani asubuhi na jioni, mchanga mpaka masikioni, mweusi akang'aa. Jasho la kichwa likakoma. Akaanza kulala usiku kucha. Kisha asubuhi moja, wakati wanawake wanatwanga, alijivuta mpaka kwenye kinu kilichokuwa hakina mtu, akakishika ukingo, akajiinua. Magoti yalimtetemeka. Alisimama.

"Dede," mkaza mjomba akamwambia polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha. "Dede, mama, dede."

Akaanguka kitako. Mama aliuacha mchi wake, akaenda nyuma ya nyumba, na tukamsikia akilia kilio ambacho hakukilia alipofiwa na mwanawe.

Baba alikuwa ameshaanza kuleta salamu kwa dereva wa gari. Kwanza kwa upole: mnarudi lini? Mama akamjibu, kasimama dede, mwache kwanza aende tete. Salamu za pili zilikuwa fupi. Za tatu hazikuja kwa dereva. Alikuja baba mkubwa mwenyewe, kaka yake baba, kavaa koti lake juu ya kanzu, mchana wa jua kali.

Alipewa dafu, akanywa, akauliza hali za watu wote. Akamtazama mdogo wangu aliyekuwa kashika kinu, akasema mashaallah. Kisha akamgeukia mama, sauti ikamshuka.

"Shemegi, nimetumwa. Mama kasikia mtaani watu wanacheka, eti mtoto wa karani analishwa mafuta ya mashua. Kamjia juu mumeo. Na mumeo katamka mbele yangu: ukirudi na mimi leo, wewe ni mkewe. Jua likichwa uko Uroa, umeachika."

Mama hakulia. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu sokoni.

"Nikirudi, mtoto atatolewa juani?"

"Mimi sikai nyumba ile, shemegi. Unamjua mama."

"Na mafuta haya, nitaingia nayo?"

Baba mkubwa alitazama chini. Alikuwa mtu mzuri, hakujua kudanganya. "Kasema yasipite mlangoni pake."

Wanawake walimzunguka mama, kila mmoja na lake. Rudi, ndoa ndoa. Rudi, utakuwa mgeni wa nani huku na watoto wawili? Rudi, mtoto analelewa na Mungu. Mama alimgeukia mama yake, bibi wa Uroa, aliyekuwa kakaa kwenye jamvi. Yule bibi akasema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi sikuchagulii." Mama akanyanyuka, akachota maji, akaanza kuniosha mimi.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na baba kasema mimi nirudi kwa vyovyote. Mama alinisuka upya, akanivisha gauni langu la safari. Nilipoelewa kuwa ananivisha peke yangu, nikamng'ang'ania. Nikamwambia sendi. Nikamwambia kama yeye hendi na mimi sendi.

Alinishika uso kwa mikono miwili. "Wewe una miguu, mwanangu. Huyu hana. Nikimrudisha kule atamfuata kaka yake, na mimi sitazika wa pili huku nnatazama."

"Na mimi nitakaa na nani?"

Nilingoja jibu mpaka gari likapiga honi.

Nilikaa nyuma, juu ya magunia. Mama alisimama njiani, mdogo wangu kiunoni. Jua lilikuwa bado halijachwa, mama alikuwa bado ni mke wa baba. Nilimwomba Mungu gari liharibike, turudi, jambo libadilike. Gari halikuharibika.

Tulifika mjini adhana ya magharibi inaadhiniwa. Baba alikuwa ngazini. Aliangalia nyuma yetu, kichochoroni, akaangalia tena. "Kaja?" akamuuliza kaka yake, na baba mkubwa akatikisa kichwa. Baba alikaa pale pale kwenye kipandio, viatu miguuni, kofia mkononi. Nikajua kuwa alidhani anatisha tu. Lakini talaka si neno la kutishia watu, likitoka limetoka, na kama hakulijua hilo mtu mzima aliyesoma, basi nani wa kumlilia?

Bibi hakupenda kitu kiharibike bure. Ile chupa ya kahawia nikaimaliza mimi, kijiko kila asubuhi. Sikuzibwa pua wala sikutapika. Nilimeza kwa hasira.

Sikuruhusiwa kwenda Uroa. Habari zilikuja moja moja kwa dereva: kaenda tete, kapiga hatua, kaota meno ya nyuma. Muda mrefu ulipita. Kisha ikaja Sikukuu, na baba akatuma watu kwamba mwanawe aletwe amwone.

Mjomba ndiye aliyemleta. Bibi akasema wageni wa pwani wakae barazani, kahawa watapelekewa. Mdogo wangu akaingia peke yake, gauni jipya, mweusi, mnene, macho makubwa. Mbele yake zilikuwa zile ngazi zetu, vipandio vya mawe vinavyomchosha hata mtu mzima. Alisimama akazitazama. Kisha akaegemeza kiganja ukutani, akapandisha mguu mmoja, akaufuatisha wa pili, tena, na tena. Miguu ilikuwa bado na pinda kidogo. Baba alisimama juu, mikono kaitanguliza, midomo inamcheza, hakushuka kumsaidia. Nadhani aliona hana haki.

Alipofika juu bibi alimkumbatia, akalia kwa furaha ya kweli, akawageukia wageni waliokuja kula halua. "Mnaona? Tuliwahi kumtia mafuta ya Ulaya mapema." Nikasikia damu inanipanda. Nilichukua birika la kahawa nikashuka nalo, la sivyo ningetamka neno ambalo mtoto hamwambii bibi yake.

Mjomba alipokea kikombe, akanionyesha kwa kidevu pembe ya kichochoro. Kulikuwa na mwanamke kajifunika buibui, kasimama pembezoni mwa ukuta. Nilikimbia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Hakuuliza habari za baba wala za bibi. "Kapanda ngazi?"

"Naam. Kapanda."

"Kashikwa na nani?"

"Hakushikwa na mtu. Kapanda mwenyewe mpaka juu."

Alinivuta akanibana kifuani, mkono wake unanuka papa, nikauvuta ule mnuko mpaka ndani. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyaweka, kwa siku zote zile, na nilingoja aseme tu, "Na wewe je?"

"Alhamdulillahi," akasema. Akaniachia, akaniweka sawa kanga kichwani. "Haya, panda na wewe. Wasije wakakutafuta."