Nilimfukuza Mke Wangu Nikidhani Ana TB

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nimekaa nalo kimya hapa Koboko, mpakani na Zaire, mpaka limenichosha. Leo nalitoa, mnitukane mtakavyo.

Baba yangu alikuwa askari wa serikali iliyoanguka mwaka 1979. Kwa kuogopa kulipiziwa kisasi, mimi na mke wangu tulikimbilia Zaire, tukajificha porini karibu na kijito. Chakula chetu kilikuwa kaa wa mtoni. Tuliogopa moshi usije ukatuonyesha, basi nilikuwa nawababua kidogo tu, nauzima moto.

"Baba, hii bado haijaiva," mke wangu akasema.

"Kula! Unataka tuuawe kwa sababu ya tumbo lako?"

Akala. Nami nikala.

Tuliporudi nyumbani akaanza kukohoa. Kikohozi hakiishi! Baadaye makohozi yakaja na damu, rangi ya kutu. Mimi mjuaji nikasema hii ni TB, si ndiyo iliyomuua baba yangu? Nikamtengea kikombe, nikamtengea mkeka, mwisho nikamjengea kibanda nyuma ya nyumba. Binti yetu, tuliyekuwa tumemwacha kwa bibi yake tulipokimbia, akimfuata mama yake, namchapa. Jamani, nilimchapa mtoto kwa kumpenda mama yake!

"Nipeleke hospitali Arua," aliniomba. "Kama iko TB, dawa iko."

Nilikataa, nikamwambia anyamaze. Nilikuwa na kibanda cha nguo sokoni, nikaogopa wateja watanikimbia wakisikia. Nikampandisha lori peke yake, arudi kwao Dadamu. Hakulia.

Kisha nikaanza kukohoa mimi. Siku nilipoona damu, wallahi, sikungoja kukuche vizuri! Mbio mpaka Arua. Daktari akapima makohozi yangu, akaniuliza kama nimewahi kula kaa wasioiva.

"Mzee, hii si TB," akasema. "Ni minyoo, inakaa ndani ya mapafu. Mtu hamwambukizi mwenzake, hata mkilala pamoja. Utameza vidonge siku chache, utapona."

Siku chache! Nikatoka pale moja kwa moja mpaka Dadamu kumchukua mke wangu. Shemeji yangu hakunikaribisha kiti. Akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lililokwisha kuota majani. Alifika kwao amekwisha zidiwa, akafa kabla hawajampeleka hospitali, wakamzika bila kuniita.

"Dada alituambia tusikulaumu," akasema. "Yeye alikuwa na roho nzuri. Mimi nakulaumu."

Nimepona, ndugu zangu. Napumua vizuri kabisa, na sioni faida yake. Binti yangu ananipikia, anaweka sahani mbele yangu, anatoka. Hatuongei.

Nyinyi mnaokula kaa, wapikeni mpaka waive. Na mgonjwa akikuomba hospitali, mpeleke, usijifanye daktari kama mimi! Dawa ilikuwepo Arua wakati wote ule. Yeye aliitaja kwa kinywa chake, nami nikamwambia anyamaze.