Nafasi Moja ya Kwenda Mauritius

Mpango wa kwenda Mauritius kuvua samaki kwa starehe ulianzia mezani kwa kaka yangu, Jumapili moja baada ya misa. Kaka ni mfanyabiashara wa samaki hapa Mwanza. Ana maboti, ana magari ya barafu, ana ghala Nyakato, na ana nyumba kubwa juu ya miamba inayotazama ziwa. Kila Jumapili ndugu wote tulio mjini tulitakiwa kula kwake. Kutokwenda lilikuwa kosa, na kaka hakuwa mtu wa kusahau kosa.

“Miaka yote hii nauza samaki,” alisema siku hiyo, akichambua sato kwa vidole, “na sijawahi kuvua hata mmoja kwa raha zangu. Nataka kukaa kwenye boti la maana, nina kinywaji mkononi, mtu mwingine ananiwekea chambo. Huko kuna samaki mwenye mdomo kama mkuki. Mrefu kuliko mlango. Tutaenda wote. Nalipa mimi.”

Tulipiga makofi. Mama yetu, ambaye anaishi kwa kaka tangu baba afariki na kumwacha Bukoba peke yake, alisema Mungu ambariki. Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, alifunika mdomo kwa mikono miwili kama mtoto. Alikuwa ameolewa na mwalimu wa hesabu, wanaishi Butimba, na katika ndoa yao yote safari ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda mazishini. Mumewe hakupiga makofi. Aliuliza kwa upole, “Mauritius si ni katikati ya bahali?”

Alikusudia kusema bahari. Shemeji ni Msukuma wa Kwimba, na anapozungumza darasani huchunga ulimi wake vizuri, lakini akiwa na hofu herufi zinamponyoka. Kaka aliweka chini kipande cha samaki.

“Katikati ya nini, mwalimu?”

“Bahari,” shemeji alijirekebisha.

“Hapana, sema kama ulivyosema mwanzo. Watoto hawakusikia.”

Wakacheka wote, na dada akacheka nao. Kuanzia siku ile, kwa nyumba nzima, bahari iliitwa bahali.

Mimi nafanya kazi katika ofisi ya kukata tiketi za ndege katikati ya mji, kwa hiyo kazi ya kupanga ikawa yangu. Nilitafuta hoteli, nilitafuta boti za kuvulia, nilifuatilia pasipoti za watu. Kaka alifungua kundi la WhatsApp la safari na kulisimamia mwenyewe. Nilidhani ni la kupeana habari. Muda si mrefu nikaelewa lilikuwa la kuwaondoa watu. Binamu yetu mmoja alichelewa chakula cha Jumapili; kabla hajafika mlangoni akawa ameshatolewa kwenye kundi, na alipoketi kaka akamwambia, “Kula tu, ndugu yangu. Chakula hakihitaji pasipoti.” Shangazi mmoja aliuliza kama angeweza kumchukua binti yake. Akatolewa yeye. Watu wakaanza kumchekea kaka hata pale ambapo hakuwa amesema neno la kuchekesha.

Ndipo akaja na suala la kuogelea. Alisema wenye maboti hawamruhusu mtu asiyejua kuogelea, na alisema hivyo akimtazama shemeji.

“Si kweli,” nilisema. “Nimeongea nao mwenyewe. Kila mtu anapewa jaketi la kuokolea maisha.”

“Wewe kata tiketi,” kaka alinijibu. “Masharti ni yangu.”

Shemeji alikuwa pale pale, alinisikia. Kwa hiyo alijua. Baadaye nilipomfuata barandani nikamwambia asikubali upuuzi huo, aliniangalia kwa utulivu akasema, “Dada yako hajalala vizuri tangu mpango huu uanze. Anaamka ananisimulia hoteli. Mimi nikikataa, ataishia kunichukia mimi, hatamchukia kaka yake.”

Masomo yake ya kuogelea yalianza Jumamosi alasiri, chini ya nyumba, mahali ambapo miamba inaacha kipande kidogo cha mchanga. Kaka aliagiza viti viletwe, na vitafunwa. Mama aliletewa bakuli lake la senene, panzi wa kukaanga. Sisi tulikaa kwenye majani kama tumekuja kuangalia mpira, na shemeji akateremka majini amevaa kaptura ya michezo ya shule, kifua wazi, mwembamba, mvi zimeanza kumshika hadi kifuani. Alikulia nchi kavu, ambako maji ni ya kuchota lamboni kwa ndoo na kuyaheshimu. Yalipomfika kiunoni alisimama.

Kaka hakuingia majini. Alikaa juu ya jiwe, akifundisha kwa maneno. “Kichwa chini! Chini! Unaogopa nini, humo hamna hesabu!” Shemeji alizamisha kichwa, akaibuka anakohoa, macho mekundu. “Tena!” Alizamisha tena. Mara ya tatu alikanyaga jiwe lenye utelezi akaanguka chali, mikono ikapiga maji ovyo mahali ambapo mtoto wa shule angesimama. Watu walicheka mpaka wengine wakajilaza. Mama alimeza senene waliokuwa mdomoni akasema kwa Kihaya kwamba alimwonya binti yake zamani asiolewe na mchunga ng’ombe. Nilimgeukia dada. Alikuwa ameinamisha uso, anang’oa majani moja moja. Alipoinua uso hakumwangalia mumewe. Alimwangalia kaka, kuona kama bado anafurahi.

Wifi, mke wa kaka, alikuwa amerekodi yote kwa simu. Video ikawekwa kwenye kundi. Kutoka pale sijui ilitokaje, ila wiki haikuisha ikafika shuleni kwa shemeji. Alipogeuka kuandika ubaoni, darasa zima lilianza kukohoa kama mtu aliyemeza maji. Alilisimulia jambo hilo kwa sauti ya kawaida, tukiwa sebuleni kwao Butimba, na dada akamjibu, “Wanafunzi ni watoto tu, watasahau. Jumamosi utarudi, au siyo?”

Jumamosi alirudi. Na iliyofuata. Sitadanganya kwamba alikuwa na kipaji. Alijifunza kwa ubishi, kama mtu anayesukuma gari bovu. Kuna wakati alikwenda peke yake asubuhi kabla ya kwenda kazini, bila watazamaji, na nadhani ni hapo ndipo alipojifunza kweli. Mimi nilimwuliza kaka siku moja tukiwa ofisini kwake, “Huyu mtu amekukosea nini?”

Alifikiri. Kaka si mjinga, na swali alilichukua kwa uzito. “Hajanikosea,” alisema. “Ila anakubali. Ningependa kuona mwisho wake uko wapi.”

Siku ya mtihani ilifika. Kaka alionyesha mwamba ulio mbali kidogo na ufuko, ule ambao ndege aina ya mnandi hukaa wakianika mabawa, akamwambia shemeji aende mpaka pale na kurudi. Hakuna aliyecheka safari hii, maana pale kati maji ni marefu. Shemeji alikwenda. Alikwenda vibaya, kichwa juu kama kobe, akipumua kwa kelele, mara mbili akapotea chini tukasimama. Aliufikia mwamba, akaushika, mnandi wakaruka. Akakaa pale kwa muda, kisha akarudi. Alipotoka alitambaa kwenye mchanga kwa magoti, na nilimwona, kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze, akitabasamu. Alimtafuta dada kwa macho. Watu walipiga makofi ya kweli. Hata mama alipiga.

Tulipanda nyumbani kula. Shemeji alikaa na taulo mabegani, anakula kwa njaa, anajibu maswali. Kaka alimwacha ale. Alipomaliza sahani ya kwanza, ndipo kaka alipopangusa mikono na kusema:

“Kuna mabadiliko kidogo. Mwenzangu wa biashara wa Dar anakuja na mkewe. Kwa hiyo upande wa mwalimu na mkewe imebaki nafasi moja. Mmoja wenu ataenda. Chagueni wenyewe, mimi sitaki kuonekana mkatili.”

Nilikuwa nimekaa mkabala na shemeji. Nilimwona akiweka kijiko chini. Nilimwona akimgeukia mkewe na kufungua kinywa, na uso wake haukuwa na hasira hata kidogo.

“Nitaenda mimi,” dada alisema.

Alisema haraka, kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji, kama mtu anayewahi kiti. Kinywa cha shemeji kilibaki wazi kidogo, kisha kikafungika. Kaka aliangua kicheko, akapiga meza kwa kiganja. “Mwalimu! Hata hukupewa muda wa kunyoosha mkono!”

Jioni ile nilimrudisha shemeji kwa gari langu, dada alibaki kwa wifi kuangalia nguo za kuazima. Tulikuwa tumekaribia kwake. “Nilitaka kumwambia aende yeye,” alisema. “Ndicho nilichokuwa nataka kusema. Hakunisubiri.”

Alinishukuru kwa lifti, akashuka na kaptura yake mbichi ndani ya mfuko wa plastiki.

Tulikwenda Mauritius. Ni kuzuri, siwezi kusema vinginevyo. Maji yake yana rangi ambayo ziwa letu halijawahi kuwa nayo. Asubuhi ya kwenda kuvua, kijana wa botini alipita akimpa kila mtu jaketi la kuokolea maisha na kumfunga mikanda. Hakumwuliza yeyote kama anajua kuogelea. Dada alilitazama lile jaketi kifuani kwake, akamtazama kaka.

“Si nilikwambia mumeo anachekesha?” kaka alisema.

Nilisubiri. Dada alicheka. Alicheka vizuri kabisa, kichwa nyuma, miwani ya jua ya wifi usoni.

Kaka hakupata yule samaki wa mdomo wa mkuki. Alipata kichefuchefu, akalala sakafuni mwa boti nusu ya safari. Aliyenasa samaki ni dada. Si mwenye mkuki, lakini mkubwa, mgongo wa bluu, aliyempa kazi mpaka mikono ikamchubuka. Alipigwa picha naye mara nyingi. Siku zote zile tulizokaa kule sikumsikia akipiga simu Butimba. Alituma picha.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, shemeji alikuja kula kama kawaida. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba huku anaangalia pembeni. Picha zilirushwa kwenye televisheni kubwa ya kaka, moja baada ya nyingine, dada akieleza. Shemeji alitazama zote mpaka mwisho. Alisifu samaki.

“Mwakani zamu yako, mwalimu,” kaka alisema. “Usije ukasahau kuogelea.”

“Mwakani sitakuwepo,” shemeji alijibu. “Nimeomba uhamisho. Umekubaliwa. Naondoka mwisho wa mwezi.”

Televisheni iliendelea kubadilisha picha. Dada aligeuka taratibu. “Uhamisho wa wapi?”

“Kwimba. Karibu na nyumbani kwetu.”

“Tangu lini? Mbona mimi sijui?”

“Ndiyo unajua sasa.”

“Unaniambia hapa? Mbele ya watu wote hawa?”

Alimtazama mkewe kwa utulivu ule ule alioniangalia nao barandani. “Hapa ndipo tunapoambiana,” alisema. Aliomba chumvi. Wifi alimpitishia. Akamaliza chakula chake, akamshukuru kaka kwa ukarimu, akanawa mikono na kuondoka kwa miguu.

Dada hakumfuata. Nadhani kama angemfuata siku ile mambo yangekuwa mengine, lakini macho ya watu wote yalikuwa kwake na kaka alikuwa ameshaanza kumwiga mwalimu anavyoomba chumvi, “chumvi kidogo tafadhari,” kwa sauti ya puani. Watu walicheka. Dada naye alijaribu kucheka, akashindwa.

Watoto wao walikuwa vyuoni. Likizo zao walizigawa, nusu huku nusu kule, bila kuuliza sana. Dada alirudisha nyumba ya kupanga ya Butimba kwa mwenye nyumba na kuhamia kwa kaka, kwenye chumba cha nyuma kinachopakana na cha mama. Sasa anasimamia mizani ghalani Nyakato. Kaka humtuma kama anavyowatuma wengine, na mezani, akikosa mtu wa kumcheka, humgeukia yeye. “Mama Kwimba,” humwita. Yeye hukubali.

Mwaka jana nilikutana na shemeji pale stendi ya Nyegezi. Alikuwa amekuja kusahihisha mitihani. Amenenepa kidogo, na amefuga ndevu. Tulikunywa chai. Aliniuliza kuhusu kazi yangu, akauliza afya ya mama, akauliza kama kaka bado anasumbuliwa na mgongo. Alinionyesha kwenye simu picha ya ng’ombe wake. Basi lake lilipopiga honi alinishika mkono kwa mikono yote miwili, akaenda.

Jumapili nilimsimulia dada tukiwa jikoni tunaosha vyombo. Alisikiliza bila kugeuka. Alisuuza sahani ile ile kwa muda mrefu.

“Ameniulizia?” alisema mwishowe.

Ningeweza kusema ndiyo. Nilimwambia hapana.