Mursik Kwenye Friji ya Ukungu-Ute

Jumatatu nilifungua friji ya maabara nikakuta vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando, vimesimama bega kwa bega. Sahani zangu za ukungu-ute zilikuwa dirishani, zinaota jua la Kericho kama watalii, zimekauka kabisa.

Ukungu-ute, kwa asiyeujua, si ukungu. Ni vijidudu vya seli moja moja vinavyotambaa kwenye majani yaliyooza, vikila bakteria. Vikikosa chakula hukusanyika, vikawa kitu kimoja na kutoa mbegu. Wenzangu wanafuga ng'ombe. Mimi, mtu mzima mwenye kitambi, nachunga hivyo. Hivi vyangu vilitoka kwenye gogo bovu karibu na Fort Ternan, na viliishinda dawa inayoua wenzao. Nilishuku ukoo mmoja wa jeni, wenye ndugu wengi, ambao kazi yao ni kusukuma sumu nje ya seli. Ila ni ndugu yupi, na anakaa kwenye kromosomu gani? Nilibakisha kuvizalisha na vile vinavyokufa kwa dawa hiyo, nione usugu unafuata kromosomu ipi. Akiba sikuwa nayo: friza imekufa, na ombi la fundi limelala mezani kwa mkuu wa idara.

Vibuyu vilikuwa vya mkuu huyohuyo. Jumamosi wazee wa pande mbili walikutana kwake kwa koito, posa ya binti yake, na maziwa yaliyobaki yakaletwa kwenye friji yangu. Nikamfuata ofisini.

“Mkuu, nani ametoa sahani zangu?”

“Ni mimi, shemeji.” Huniita hivyo kwa kuwa mke wangu ni wa kwao, mimi ni wa kutoka ziwani. “Sasa ningeweka maziwa ya wageni karibu na ukungu?”

“Ule ulikuwa umeshinda dawa!”

“Ati umeshinda dawa, na unauweka kwa friji ya watu? Shemeji, utatumaliza!”

Mtu aliyeshinda siku nzima akichunguza ukoo wa mkwe wake, asije akaozesha ndugu kwa ndugu, alinimalizia ukoo wangu bila hata kupiga simu.

Mbegu zingevumilia ukavu, lakini niliviweka baridini makusudi visifike hatua ya mbegu. Nikakwangua mabaki, nikayapanda kwenye sahani mpya yenye bakteria na dawa. Alhamisi kulikuwa na kitu kimeota. Niliruka, magoti yakalalamika. Darubini ikasema ni ukungu wa mkate.

Mkuu akachungulia begani kwangu. “Si huo umerudi?” akasema. “Na vile ulinifokea!”