Giza la Rangi ya Majivu

Kompyuta zilizotumika zilipoanza kufika Tukuyu, shangazi yangu alinunua moja, akafungua kibanda cha kuchapa barua na kadi za harusi pale mtaa wa Msasani, hapohapo mjini. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheupe, kikamtoa machozi kutwa nzima. Mimi, mjuaji wa familia, nikakigeuza kuwa cheusi tii chenye herufi nyeupe pee, nikasubiri kusifiwa.

“Mwanangu, umenipa usiku wenye tochi,” akasema. “Nani anasiriba jiko kwa masizi?”

Kuta za jikoni kwake alizisiriba mwenyewe, kwa udongo uliochanganywa na majivu. Zilikuwa na giza, lakini giza la upole, na macho yaliyochoshwa na moto yalitua pale bila kuumia. Hakusiriba ukuta mzima kwa papara. Alipaka kiraka kwanza, akakiacha kikauke, kwa sababu rangi ya udongo mbichi hudanganya.

Basi na kompyuta ikasiribwa hivyohivyo. Kila rangi niliyoweka aliiacha ikae kwanza, akachapa kazi za asubuhi, akangoja ukungu ushuke na kibanda kiingie giza, ndipo aseme ndiyo au hapana. Nilinuna, nikamwambia rangi ni rangi tu. Yeye akaendelea kuchapa. Mwishowe akatulia kwenye kijivu kinachoelekea kahawia, na herufi za rangi ya uji. Machozi yakakoma.

Simu za siku hizi zinakuja na giza lao tayari, jeusi tii. Kila ninaponunua mpya, kabla sijampigia mtu yeyote, naipaka majivu.